Usinunue samaki kwa rangi, uliza kwanza katoka mto gani

Ndugu Mhariri,

Jumapili iliyopita kwenye ukurasa wenu wa nyumba na mapambo mlitoa kipande kuhusu akwariamu za sebuleni, picha kali kweli, tanki la futi sita linawaka taa, na mwandishi wenu akashauri kwamba ukishakuwa na tanki kubwa namna ile basi we changanya tu samaki wa rangi tofauti, wa njano, wa bluu, oska (wale samaki wakubwa wa Amerika ya Kusini) wawili watatu, afu chini weka matumbawe na makombe ya baharini ili lipendeze. Nilisoma nikacheka, mke wangu akaniuliza unacheka nini, nikamwambia huyu ndugu kanielezea mimi wa mwaka 2019. Naomba nafasi niseme yaliyonikuta kabla hamjamponza mtu mwingine.

Tanki langu lipo hapa Tabata, nilitengenezewa na fundi vioo, futi 6 kwa 2 kwa 2, kioo cha milimita 12, likijaa ni lita kama 650 hivi, bei sitaji kwa sababu mama watoto analisoma gazeti hili. Stendi nilichomelewa na fundi mageti, maana maji peke yake ni kilo 650 na bado hujaweka mchanga na uzito wa kioo chenyewe, ukiliweka juu ya kabati la tivii unajitafutia mafuriko sebuleni. Basi siku ya kwanza nikaenda dukani na furaha kama mtoto wa Idi, nikamwambia muuzaji nataka samaki wa Amerika ya Kusini, nilikuwa nimemuona oska kwa rafiki yangu anakuja juu kabisa anachukua chakula mkononi kama kuku, nikampenda. Jamaa akanipa oska wawili saizi ya kidole gumba, akaniongezea wa njano sita na wa bluu wanne, akasema hao wote ni sikilidi, ukoo mmoja, wataelewana tu bosi. Akaweka na neoni 20, vile visamaki vidogo, wa kuchangamsha tanki, na kimoja kidogo chenye tumbo jekundu, akaniambia kwa sauti ya chini hiki ni piranha, yule mng'ataji wa meno makali, adimu hiki, usimwambie mtu. Mimi nae nikalipa.

Hilo neno ukoo mmoja ndo lililoniua. Ni kweli sikilidi ni ukoo, tena mkubwa sana, sato unayemla na ugali ni sikilidi, perege ni sikilidi, furu wa Ziwa Victoria ni sikilidi. Lakini hata chui na paka wako wa jikoni ni ukoo mmoja na hujawahi kuwalaza chumba kimoja. Wale wa njano na wa bluu niliouziwa ni wa kwetu kabisa, wa Ziwa Nyasa, wanaitwa mbuna, wanaishi kwenye mawe, na maji ya Nyasa ni magumu, yaani yana madini kama chokaa, na pH yake, kile kipimo cha uchachu ambacho chini ya 7 ndo maji machachu, inacheza kati ya 7.7 na 8.6. Oska katoka bonde la Amazon ambako maji ni laini na mara nyingi yanaelekea kwenye uchachu, ukienda mto Rio Negro ndo kabisa pH inashuka chini ya 5 na maji yana rangi ya chai ya rangi. Sasa utaweka maji ya nani? Ukimfurahisha mmoja unamtesa mwingine, na ukiweka ya katikati basi wote wanaishi kama wapangaji ambao mwenye nyumba kawakatia maji. Halafu chakula nacho, mbuna wengi wanakwangua ule ukijani wa kwenye mawe, utumbo wao ni mrefu wa kula majani, we unatupa kamba na nyama kwa ajili ya oska na wao wanajipakulia, wale wa bluu wangu walivimba matumbo mmoja baada ya mwingine wakafa wote wanne ndani ya mwezi. Nilidhani ni uchawi wa jirani.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza muuzaji sio bei, ni huyu katoka mto gani au ziwa gani. Akikujibu "ni wa nje" we ondoka.

Ila mto peke yake hautoshi, hapo ndo na mimi niliposhindwa mara ya pili. Neoni anatoka huko huko Amazon, maji yao sawasawa, joto sawasawa, ila kwa oska neoni ni karanga. Miezi mitatu ya mwanzo walikaa vizuri tu, nikawa najisifu kwa wageni, mwezi wa nne oska wakafika kama sentimita 10 hivi na kila asubuhi nikihesabu neoni napata pungufu, 18, 15, 11, halafu asubuhi moja sikuhitaji kuhesabu. Oska hang'ati, anameza, anafungua mdomo ghafla maji yanaingia na kila kilichomo kinaingia nacho, yaani chochote kinachoenea mdomoni mwake ni chakula hata kama mmekaa wote mwaka mzima. Na huo mdomo unakua kila siku, mwaka wa kwanza oska anaongezeka karibu sentimita mbili na nusu kwa mwezi, akikomaa anafika sentimita 30 na ushee na anaishi miaka 10 mpaka 15 ukimtunza. Usimpime mwenzake kwa saizi aliyonayo dukani, mpime kwa saizi atakayokuwa nayo mwakani.

Baada ya neoni nikajifanya nimeelewa, nikanunua kambare wawili wadogo wa madoa, wenyewe wanawaita piktasi, wazuri kweli, weupe kama fedha na madoa meusi na masharubu marefu, nao ni wa Amazon, nikasema hawa ni wembamba ila warefu, hawatamezeka. Usiku wa siku ya tatu umeme umekatika, nasikia maji yanapiga kioo pa, pa, pa, namwita kijana wangu alete simu atumulike, tunakuta oska mkubwa amekaa kwenye kona anatetemeka na mkia wa kambare unatoka mdomoni, unacheza. Alikuwa amemmeza nusu, ila piktasi akishikwa anatanua ile miba yake ya ubavuni na inajifunga, haiendi mbele wala hairudi nyuma, na ina meno kama msumeno, ukivuta unachana koo. Tulimfunga oska kwenye taulo bichi, kijana anashika tochi mkono unamtetemeka, mama watoto analeta kikata kucha, nikaukata mwiba mmoja, nikaukata wa pili, sauti yake kama unakata kijiti cha fagio, halafu kambare akateleza akatoka polepole na utelezi wa damu. Oska alipona, alikaa wiki nzima bila kula, afu akaanza tena kama hakuna kilichotokea. Kambare hakufika asubuhi. Wanaofuga wale gogogo wetu wataelewa nasema nini kuhusu miba, ule ni mchezo mmoja.

Sasa nirudi kwenye matumbawe na makombe ya mwandishi wenu. Kaka, vile vitu ni chokaa. Ukiviweka kwenye maji vinayeyuka kidogo kidogo na kuyafanya magumu na kupandisha pH, kwa mbuna ni sawa kabisa, kwa samaki wa Amazon unakwenda kinyume. Hata mchanga, mimi wa kwanza niliuzoa ufukweni kwa ndoo nikijiona mjanja, kumbe nusu yake ni vipande vya konokono. Jaribu hivi: chukua mchanga kiganja kimoja, weka kwenye kikombe, mwagia siki, ukiona unachemka vipovu jua una chokaa, rudisha. Nikaja kupata mchanga laini wa mtoni, nikauosha kwenye karai mpaka mikono ikasinyaa, siki ikanyamaza kimya.

Na kuna dawa moja watu wa Dar wanaifagia kila asubuhi na kuichoma moto. Majani ya mkungu. Yale makubwa yanayogeuka mekundu afu yanadondoka yamekauka, Asia wafuga samaki wanayanunua kwa pesa, hapa yanalalamikiwa yanachafua uwanja. Yaokote yaliyokauka yenyewe na ambayo hayajapuliziwa dawa, osha, tupa matano sita kwenye tanki, baada ya siku mbili maji yanakuwa na rangi ya chai na pH inashuka taratibu kama maji ni laini, samaki wanatulia na rangi zao zinatoka. Wageni watakuuliza mbona maji yako machafu, waambie huko walikotoka ndo yalivyo. Masika mimi nakinga na maji ya mvua kwenye mapipa nachanganya na ya bomba, maana ya bomba yana klorini inabidi yakae siku nzima wazi kwanza, na kisima cha kwetu kina chumvi hata chai haikai vizuri.

Watu pia wanachanganya Amerika. Muuzaji yeyote akiona sikilidi mkali anasema ni wa Amerika ya Kusini, lakini Jack Dempsey, yule aliyepewa jina la bondia bingwa wa uzito wa juu wa miaka ya 1920 kwa sababu ya ngumi zake, ni wa Mexico mpaka Honduras huko, wale wenye mistari wanaoitwa wafungwa ni wa Amerika ya Kati, na yule anayeitwa Texas jina linajieleza. Wengi wao wanakubali maji magumu na wana roho mbaya kuliko oska, watu wanamuona oska mkubwa wanadhani ndo mbabe, kumbe oska ni mkubwa jinga, mfungwa wa sentimita 10 mwenye mayai anamkimbiza kona hadi kona. Flawahoni sitaki hata kumuongelea, huyo hana mto, katengenezwa na watu kule Malaysia kwa kuchanganya mbegu, ukimtaka mnunulie tanki lake akae na kivuli chake.

Basi nani anakaa na nani? Nitasema waliopo kwangu sasa hivi, mwaka wa nne huu bila vita. Oska ni mmoja tu, yule yule wa kambare. Wawili walikuwa wanagombana, na nimejifunza kwa sikilidi mbili ni namba mbaya sana, kama sio mke na mume basi mmoja anamtesa mwenzie hana wa kugawana nae kipigo, na kama ni mke na mume wakitaga ndo tanki lote linakuwa lao, wanasafisha jiwe wanataga mayai elfu na kitu na wengine wote mnabanana kwenye kona moja kama daladala ya Gongo la Mboto. Mwenzie nilimpa rafiki yangu mwenye tanki tupu. Kuna severamu wawili, hawa wanafika sentimita 20 na umbo lao la sahani halimezeki, wapole, wanapenda mchicha uliochemshwa kidogo, hawa nilibahatika tu wamekubaliana, wangegombana ningebaki na mmoja.

Halafu kuna jiofagasi watano, hao ndo samaki ninaowapenda kuliko wote humo ndani na hamna mtu anawaulizia dukani kwa sababu wakiwa wadogo ni wa kijivu tu kama vumbi. Jina lao maana yake wala udongo. Kaa nao jioni taa zikiwa zimepunguzwa, unamuona anainama kichwa chini anazamisha mdomo mpaka machoni, anakomba mchanga mdomo mzima, anatafuna tafuna huku macho yanazunguka yanakuangalia, afu mchanga unaanza kumwagika kwenye mashavu pande zote mbili kama unga kwenye chekeche, punje alizotaka zimebaki ndani. Siku nzima kazi ni hiyo. Ndo maana kokoto za rangi wanazouza hazifai, kokoto inamkata mashavu au inamkwama, na samaki asiyeweza kuchekecha anakuwa kama fundi cherehani uliyemnyang'anya cherehani. Wakubwa wanatoka mistari ya bluu ya kung'aa na mapezi yenye nyuzi ndefu, hao wa kijivu.

Juu nimeweka silva dola saba, wa duara kama sarafu, wanafika sentimita 15, sio sikilidi, ni ndugu wa piranha ila wanakula majani, kwa hiyo usijisumbue kupanda mimea, watakula mpaka mizizi. Kazi yao ni moja ambayo sikuiamini mpaka nilipoiona. Sikilidi akiwa peke yake anaogopa, anajificha nyuma ya gogo ukipita, lakini akiona samaki wengine wanazunguka juu bila wasiwasi anajua hamna hatari, anatoka. Severamu wangu walikaa wiki tatu nawaona mapezi tu, nilipoweka silva dola siku ya pili walikuwa mbele wanadai chakula. Na pleko mmoja wa ndevu, kambare wa kunyonya kioo, huyu anaishia sentimita 12 mpaka 15, sio yule pleko wa kawaida anayeuzwa kama mfagizi wa tanki ambaye anafika 40 na anachafua kuliko anavyosafisha.

Enjo na diskasi nao ni sikilidi wa Amazon na watu wananiuliza kwa nini sina. Enjo mapezi yake yatachanwa, na diskasi anataka joto la 28 mpaka 30 na anakula taratibu kama bibi harusi, kwenye meza ya oska atakufa njaa. Hao wape tanki lao.

Mambo ya filta nisiyaseme sana. Tanki jipya liache liendeshe filta wiki 4 mpaka 6 wale bakteria wa kula uchafu wazaane, huku ukitupa chembe za chakula ili wapate cha kula, ndo uanze kuweka samaki, wapole kwanza, mbabe mwisho, na siku ya kuweka mgeni pangua mawe na magogo yote ili wenyeji nao wajione wamehamia nyumba mpya. Mimi nabadilisha maji kila Jumapili ndoo 13 za lita 20, mgongo unajua, na yale ya kumwaga mama watoto anamwagilia mchicha, mchicha wake umekuwa gumzo mtaani. Na uwe na pampu ndogo ya hewa ya betri, umeme ukikatika saa nne usiku oska hasubiri.

Lililonifanya hasa niandike ni yule piranha wangu. Sio piranha. Nilianza kushtuka alipofika saizi ya kiganja na bado ni mpole, anakula ndizi, nikamchungulia mdomoni, meno yake ni ya bapa kama ya mtu, utadhani kaazima kwa babu. Ni paku, samaki wa kula matunda na mbegu zinazodondoka msitu wa Amazon ukifurika, na anafika sentimita 80 na zaidi, kilo 20 na kitu. Dukani alikuwa saizi ya sarafu ya shilingi mia mbili! Sasa ni sinia. Nimemhamishia kwenye tangi la plastiki la lita 2000 uani ila halimtoshi na hatakaa alitoshee.

Jirani yangu mmoja kwa nia njema kabisa akaniambia mzee si umpeleke Msimbazi umuachie akajitafutie. Mimi nimezaliwa Mwanza bana. Marehemu baba alikuwa ananihadithia furu walivyokuwa wanavuliwa mpaka wanaanikwa juu ya mawe, wa kila rangi, kisha sangara akawekwa ziwani miaka ya 1950 na watu walioona ni wazo zuri, na kufika miaka ya 1980 furu wa aina karibu 200 hawaonekani tena. Florida kule Marekani oska waliotupwa wameshajizalia kwenye mifereji na vinamasi kama kwao. Samaki wa tanki hatupwi mtoni, awe mmoja awe kumi, awe mgonjwa awe mzima.

Ombi langu kwenu ni dogo, mkitoa tena picha ya samaki wa mapambo andikeni chini yake vitu viwili tu, katoka wapi na akikua anakuwa wa sentimita ngapi, nafasi ya mstari mmoja haiwezi kuwashinda. Na kama kuna msomaji mwenye bwawa la saruji lililojengewa ukuta, lenye kivuli, lisiloungana na mto wala mfereji hata mvua ikinyesha vipi, namba yangu mhariri anayo. Aje na pipa kubwa na vijana wawili wa kubeba. Huyo paku anapenda maembe mabivu na ndizi, ila msimpe kidole.

Mfuga samaki,
Tabata, Dar es Salaam